Sonona na Fardhi ya Wengi

Mtu akifariki alfajiri Kilwa Kivinje, hadi alasiri mambo yake huwa yamekwisha. Wapo wanaokwenda kuchimba kaburi, wapo wanaoshughulikia sanda na kafuri, wapo wanaokosha maiti, na kina mama wako uani na masufuria ya wali. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa akionekana msikitini. Mwenye duka hufunga mlango, mwenye ngalawa haendi baharini, na hata aliyekuwa hasemi naye tangu mwaka juzi huingiza bega chini ya jeneza zamu yake ikifika. Wanazuoni huiita kazi hiyo fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, mji mzima umesalimika, asipoitekeleza yeyote, mji mzima umebeba dhambi.

Chukulia sasa kwamba mtu huyo yu hai. Amejifungia chumbani wiki ya tano, chakula hakimpiti, nyavu zake zinaoza pwani, na watoto wameshazoea kunyamaza anapopita. Watakaokuja ni wachache, na watamwachia maneno yaleyale: aongeze swala, amshukuru Mungu, awatazame wenye shida kubwa kuliko yake. Kisha wataondoka. Akiwa maiti, angekuwa jukumu la mji. Akiwa mgonjwa wa sonona, ni jukumu lake mwenyewe na Mola wake. Dini zinazoshikwa katika pwani ya Lindi zinaukubali mgawanyo huo?

Kwanza ugonjwa wenyewe. Daktari huanza kufikiria sonona pale mtu anapokuwa na huzuni nzito, au anapopoteza hamu ya karibu kila kilichokuwa kikimfurahisha, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Hali hiyo huandamana na nyingine: usingizi hupotea au huzidi, mwili huchoka bila kazi, mawazo hayatulii, mtu hujiona hafai na hujilaumu kwa makosa ambayo wengine hawayaoni, na mara nyingine hufikiria kufa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 280 hivi duniani wanaishi nayo, na kwamba inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume kwa takriban nusu. Haina chanzo kimoja. Urithi wa ukoo unachangia, kadhalika kufiwa, kipigo cha nyumbani, madeni, maradhi ya muda mrefu na kipindi cha baada ya kujifungua. Hitilafu ya tezi ya shingo au upungufu wa damu huweza kumfanya mtu aonekane vivyo hivyo, ndiyo maana vipimo vya damu huja kabla ya hukumu yoyote juu ya moyo wake.

Ni nadra mtu wa Masoko, Somanga au Mchinga kufika zahanati na kusema ana sonona. Atasema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, kichwa kizito, mwili umekufa. Mwaka 2008 daktari wa magonjwa ya akili Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo cha maswali 19 kilichotengenezwa hapahapa Tanzania kwa ajili ya kutambua sonona. Kazi ya namna hiyo ina maana kubwa kwa mhudumu wa zahanati. Mama mkulima wa mwani anayerudi kila mwezi na maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo cha malaria huenda anaeleza, kwa njia pekee anayoijua, jambo ambalo halijaulizwa.

Mashtaka makubwa dhidi ya mgonjwa ni kwamba imani yake ni ndogo. Hoja yenyewe ina mpangilio. Kumtaja Mungu huleta utulivu wa moyo. Moyo wa huyu haujatulia. Basi ama hamtaji Mungu, ama anamtaja kwa ulimi tu. Inasikika kama hoja timamu, lakini ina shimo katikati. Chakula nacho hushibisha mwili, ila mwenye minyoo hula na bado akakonda, na hakuna anayemshitaki kwamba hakula.

Vitabu vyenyewe havimsaidii mwendesha mashtaka. Katika Kurani, Bi Maryam anashikwa na uchungu wa uzazi chini ya mtende, peke yake, naye anatamani angekuwa ameshakufa na kusahauliwa kabla ya siku hiyo. Nabii Yaakub analia kwa ajili ya mwanawe Yusuf mpaka macho yanapoteza nuru, na bado anabaki nabii. Mtume Muhammad mwenyewe alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib ndani ya muda mfupi, karibu mwaka 619, na historia ya Uislamu imeuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni bila kuona haya. Katika Biblia, Nabii Elia, muda mfupi baada ya ushindi wake mkubwa kwenye mlima Karmeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aichukue roho yake.

La kutazama zaidi ni majibu waliyopewa. Maryam hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa atikise shina la mtende zianguke tende mbivu, ale, anywe. Elia hakuhubiriwa. Malaika alimgusa, akamwekea mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mafundisho yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshakula na kulala. Na yalipokuja, Elia aliambiwa kuwa wako wengine elfu saba ambao hawajaiacha imani, akatumwa amtwae Elisha, ambaye aliandamana naye tangu siku hiyo. Chakula, maji, usingizi, mwenzi. Hilo la kumpima mtu imani halimo katika orodha.

Mtu anaweza kujibu kwamba hizo zilikuwa huzuni zenye sababu, na zilipita. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hana msiba wa kuonyesha, na hali yake haipiti. Pingamizi hilo ni la haki, na lilishashughulikiwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa karibu mwaka 850 katika nchi ambayo leo ni Afghanistan na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na ya nafsi, Masalih al-Abdan wa al-Anfus. Ndani yake aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyojulikana ilikotoka, ambayo humbana mtu asiweze kufurahia wala kutenda. Hii ya pili aliihusisha na mwili, na damu, akaagiza itibiwe kwa njia za mwili. Nadharia yake ya damu imepitwa na wakati. Mgawanyo wake haujapitwa: aliona kwamba mtu anaweza kuugua nafsi pasipo kuwa na kosa la kutubia.

Kwa hiyo Mwislamu anayesema dawa ya sonona ni mambo ya Wazungu yuko nyuma ya wanazuoni wake mwenyewe.

Kilwa nayo ina nafasi katika historia hiyo. Msafiri Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akataja kuwa ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo pwani inayashika hadi leo. Alisimulia pia habari za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akitoka swala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa; sultani akaenda kubadili, akampa. Baadaye zawadi ikaongezwa: watumwa na pembe za ndovu. Msafiri yule hakuona tatizo katika sehemu ya mwisho ya kisa chake. Msomaji wa leo analiona, hasa akikumbuka kuwa karne tano baadaye Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Mji unaweza kuwa mchamungu na bado ukachagua ni huzuni ya nani inayohesabika.

Fikihi ya Shafii ina kipimo kizuri kuliko historia hiyo. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Akishindwa na hilo, huashiria kwa macho, na mwishowe huipitisha swala moyoni. Mgonjwa huruhusiwa kula Ramadhani. Wajibu hufuata uwezo. Lakini msikitini, uwezo unaohesabiwa ni wa miguu na mgongo. Aliyevunjika mguu akikosa alfajiri, anaombewa dua. Aliyeamka saa tisa usiku, akakodoa macho dari hadi jua likachomoza, akashindwa kuuinua mwili kutoka kitandani, anasemwa. Ugumu wa kuamka, kuchakaa kwa nia na kutosikia ladha ya ibada ni dalili za ugonjwa huu. Kumhukumu mtu kwa hizo ni sawa na kumlaumu mwenye homa kwa kutetemeka.

Kuna mlango mwingine ambao familia nyingi hupita kabla ya hospitali: wa pepo na majini. Maalim husoma ruqya, yaani kisomo cha kumtibu mgonjwa, huandika aya kwa zafarani kwenye sahani na kuiosha, maji yakawa kombe la kunywa. Kwingineko hupigwa ngoma ya pepo usiku kucha. Si busara kuyacheka mambo haya. Ngoma ya pepo humkusanyia mgonjwa watu, humpa jina la tatizo lisilomlaumu, na kwa usiku mmoja humweka katikati ya ukoo ambao ulikuwa ukimpita. Hayo yote ni msaada wa kweli. Hasara huanza pale miezi inapopotea, pesa za korosho zinapoishia kwa mganga wa tatu, au mgonjwa anapoambiwa atupe vidonge ndipo tiba ishike. Maalim mwenye hekima anaweza kusoma na kumsindikiza mgonjwa kliniki wiki hiyohiyo, maana hakuna aya inayobatilishwa na kidonge. Hadithi mashuhuri inafundisha kuwa kila maradhi yameteremshwa na dawa yake, na haikubagua maradhi ya tumbo na ya moyo.

Mahali pagumu kuliko pote ni kujiua. Uislamu na Ukristo vyote vinakataza, na katazo hilo limewazuia wengi kuchukua hatua ya mwisho, halifai kudharauliwa. Swali ni vipi atazamwe aliyeshindwa. Sahihi Muslim imehifadhi riwaya mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Katika moja, Mtume hakumswalia mtu aliyejiua. Katika nyingine, sahaba Tufayl ibn Amr alihama pamoja na mtu wa kabila lake, yule mtu akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru hadi akafa. Tufayl akamwona ndotoni akiwa amesamehewa, isipokuwa mikono yake imefunikwa, na Mtume aliposimuliwa akaiombea na mikono ile. Maimamu wa Shafii walishikilia kuwa aliyejiua huoshwa na kuswaliwa kama Waislamu wengine. Kwa upande wa Wakatoliki, Katekisimu ya mwaka 1992 inatambua kwamba ugonjwa mzito wa akili, hofu kubwa au mateso hupunguza wajibu wa mtendaji, na Kanisa huwaombea waliojiua.

Sheria ya nchi imekwenda polepole kuliko maimamu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye maudhui hayohayo, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu ya polisi ikiungana na hofu ya aibu, familia huficha. Mgonjwa aliyefichwa hapati daktari wala jirani, na hatari huongezeka badala ya kupungua. Mtu akisema waziwazi kuwa amechoka kuishi, kumuuliza kwa upole kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema. Baada ya hapo asiachwe peke yake, dawa za mashambani zifungiwe kwa jirani, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tiba yenyewe si ya kifahari. Amitriptyline, dawa iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni ya bei nafuu na inajulikana nchini. Kwa kawaida hunywewa usiku, hivyo haigongani na saumu, ingawa hukausha kinywa na mfungaji anahitaji kuzungumza na mtabibu wake kabla ya Ramadhani. Faida yake huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuonekana, wakati usingizi mzito na kinywa kikavu huja siku za kwanza. Wengi huacha hapo katikati, wakisema dawa imewazidishia. Kuacha ghafla mara wanapopata nafuu ni kosa la pili, kwani ugonjwa hurudi.

Dawa peke yake haitoshi, na hapa ndipo fardhi kifaya inapopata ushahidi wa utafiti. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza juu ya vifo, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona; baada yake walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu.

Zimbabwe ilifika hapo kwa njia ya msiba. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani kwamba mgonjwa wake mmoja alijiua akiwa mbali na hospitali, na mama mzazi akamweleza kuwa walitaka kumleta ila hawakuwa na nauli ya basi, dola 15. Mwaka 2006 Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakawasikiliza, wakawasaidia kuchagua tatizo moja la kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, uliona baada ya miezi sita kuwa dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa na mabibi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mabibi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa majirani waliofundishwa kusikiliza, na walikuwa wa kutosha. Mkoa wa Lindi ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 1.2 katika sensa ya mwaka 2022, na wapo kwenye visiwa vya Songosongo na Songo Mnara, kwenye milima ya Umatumbi, kando ya barabara ya Nangurukuru. Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, Hospitali ya Muhimbili iko Dar es Salaam. Hospitali za Kinyonga kule Kivinje, Sokoine mjini Lindi na Nyangao zina mkoa mzima mbele yake. Na barabara ya kwenda Dar es Salaam haiaminiki: mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, ziliikata Somanga, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Anayengoja mtaalamu afike kila kijiji atangoja sana. Wanaoweza kufika tayari wako kijijini.

Tena wameshajipanga. Vyama vya kufa na kuzikana vina mwenyekiti, mweka hazina, daftari na michango ya kila mwezi. Misikiti ina kamati. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Vyombo hivi vimejengwa kwa ajili ya maiti na msiba, lakini hakuna katiba ya chama inayokataza kifungu cha walio hai: nauli ya kliniki kwa mwanachama na msindikizaji wake, na zamu ya kumpitia nyumbani kwa miezi michache ya kwanza ya dawa. Zamu ina kazi, kwa sababu fardhi kifaya ina udhaifu wake unaojulikana. Kila mmoja hudhani mwenzake ameshakwenda, na jioni inagundulika kuwa hakwenda mtu. Jeneza huonekana barabarani, hivyo hakuna anayesahau. Mlango uliofungwa hauonekani. Jina la mtu na siku yake vikiandikwa kwenye daftari, udhaifu huo unapungua.

Mweka hazina atauliza atahakikishaje kuwa pesa zimekwenda kliniki, na kadi ya mahudhurio itamjibu. Swali la siri ni gumu zaidi, kwa sababu mjini Kivinje kama kwingineko hakuna atakayechukua nauli ikiwa jina lake litasomwa mkutanoni pamoja na ugonjwa wake. Chama kinaweza kuandika "nauli ya hospitali" na kuishia hapo, kama ambavyo siku zote kimekuwa kikiandika "msiba" bila kutaja kilichomuua marehemu.